Mama Ndoo na Sheria ya Ndugu

Pale kiwanda cha rangi kila mtu alimwita mama. Meneja alimwita mama, madereva wa malori walimwita mama, hata mlinzi wa getini, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Wakitaka kumtofautisha na wengine walisema Mama Ndoo, maana hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo. Mtu mmoja tu mle ndani hakuthubutu kumwita mama, naye ni binti aliyemzaa mwenyewe.

Chanzo ni sheria. Zamani ndugu wawili wa tumbo moja walihamisha mapipa ya rangi usiku wakauze, mmoja akipakia, mwenzake akifungua geti. Tangu hapo ikaandikwa ukutani, kwa rangi nyekundu ya kiwanda chenyewe, kwamba ndugu hawafanyi kazi pamoja. Kwa hiyo binti alipotoka chuoni na kuchukuliwa kibarua katika chumba cha kuchanganya rangi, wawili hao walikubaliana nyumbani: kazini hatujuani.

Wakakausha kweli kweli. Asubuhi walitoka pamoja, wakifika kona ya fundi viatu binti anatangulia, mama anajifanya kufunga kanga. Mama Ndoo alipiga deki chumba cha rangi, mwanawe yuko pale pale kwenye mizani, wala hawatazamani. Siku moja binti alirukiwa na dawa ya kuyeyushia rangi, ikamchoma mkono, akapiga ukelele. Watu wote walikimbilia kumsaidia. Mama Ndoo aliendelea na deki yake mpaka nyuma ya stoo, akalilia huko. Alijipa moyo kwamba mtoto akishapata ajira ya kudumu, yeye atapumzika, na hapo atamwita mwanangu mbele ya watu.

Nafasi ikapatikana. Mchanganyaji mkuu alistaafu, msaidizi wake akapanda, na kiti cha msaidizi kikabaki wazi. Chumba kizima kilijua ni cha binti. Kabla hakijatangazwa, afisa utumishi akamwita Mama Ndoo ofisini.

"Kaa, mama. Nasikia yule binti wa rangi ni wako."

"Nani kasema?"

"Aliyesema kasema. Sheria unaijua. Mmoja wenu asipotoka, jina la binti silipeleki popote."

"Nikitoka mimi, mtoto anapata?"

"Njia itakuwa nyeupe, mama."

Njia nyeupe! Watu wa ofisini wanajua kuongea. Afisa hakusema ndiyo, hakusema hapana, ila Mama Ndoo alisikia ndiyo. Akarudisha ndoo stoo, akavua koti la bluu, akalikunja vizuri. Getini alimuaga mlinzi kwa bashasha zote, na mlinzi akawa anaangalia viatu vyake.

"Mbona hukuniuliza?" binti alifoka jioni.

"Ungekataa."

Jumatatu kijana mmoja akaingia chumba cha rangi kukalia kile kiti cha msaidizi, shati jipya, adabu tele, akiamkia kila aliyemzidi umri. Meneja alipopita mlangoni, kijana akamwita, "Anko, koti langu nachukulia wapi?" Hakushusha sauti. Aishushe kwa sababu gani? Binti akamfuata afisa utumishi kumuuliza sheria imekwenda wapi.

"Yule ni mtoto wa dada wa mke wa meneja," afisa akajibu. "Huo ni ukwe. Sheria imesema ndugu. Wewe vumilia na kibarua chako."

Na kinachouma ni kwamba kijana hakuwa mbaya. Alimletea binti kiti akae. Angekuwa na majivuno kidogo, mtu angepata pa kumshikia.

Jioni Mama Ndoo akasimuliwa yote. Kesho yake alipiga moyo konde akaenda kuomba arudishiwe ndoo yake. Hakufika hata ofisini. Kupitia nondo za geti alimwona mwanamke asiyemjua akipiga deki kibarazani, ndani ya lile koti la bluu, mikono imekunjwa kwa sababu lilimzidi.

"Yule nani?"

Mlinzi akaangalia tena viatu vyake. "Shemeji yangu. Ana watoto, mama. Na mimi nilikuwa nawaona kila asubuhi mkiachana pale kwa fundi viatu. Nisamehe."

Mama Ndoo alitafuta hasira, akaikosa. Meneja alikuwa na kiwanda, akamwingiza wake. Mlinzi alikuwa na geti tu, naye akamwingiza wake. Yeye alikuwa na ndoo, na ndoo aliitoa kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna pa kwenda kusema, na angepata pa kusemea, asingekuwa na mtu wake huko. Akageuka kuondoka.

Hapo dirisha la chumba cha rangi likafunguliwa juu.

"Mama!" Ni binti, kwa sauti yake yote, mbele ya madereva na mlinzi na yule mwenye koti. "Mama! Mama yangu!"

Mama Ndoo alisikia vizuri sana. Lakini miguu iliendelea kutembea na shingo ikakataa kugeuka, kama walivyofundishana wenyewe, mpaka akafika kwa fundi viatu. Pale ndipo alipokumbuka kwamba hakuna tena cha kuficha. Akageuka haraka. Dirisha lilikuwa limeshafungwa.