Chumba Kimoja Tu Ndicho Chenye Ubaridi

Admin, ficha jina langu tafadhali, mji huu tunajuana. Wasomaji wenzangu, salaam aleikum, na wale wa habari, habari zenu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, naishi Isiolo, nilisoma mpaka kidato cha nne. Nina mke na binti mmoja wa miaka minane, Talaso. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi kwa kompyuta iliyo sebuleni kwangu. Hiyo ndiyo inayotulisha. Nasema inatulisha, ingawa mezani siku hizi niko peke yangu.

Mwaka jana mama mkwe alivunjika nyonga kule Rapsu. Mke wangu alienda kumuuguza, akaenda na mtoto. Alisema watarudi baada ya kuvuna. Walivuna. Akasema tungoje mvua. Mvua ikanyesha, na mtoto akaandikishwa shule ya huko "ili asikae bure". Hatukugombana. Hakuna aliyesema ameondoka.

Lakini najua kuna jambo lililomchosha hapa. Nyumba yetu ni ya mabati bila silingi, na sebule inapigwa na jua la jioni. Nikianza kazi, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inapanda nyuzi joto tisini na kitu, feni inanguruma kama kinu cha posho, na joto lote linabaki humo ndani. Siku moja aliniambia, "Wewe umeoa hiyo mashine. Mimi na mtoto ni wageni wake."

Basi walipoendelea kukawia, niliamua kuibadilisha. Nilisoma kwanza, nikapima joto asubuhi na alasiri kwa wiki nzima, kisha nikaagiza kipoozaji cha maji kutoka Nairobi. Kina kipande chenye pampu kinachokaa juu ya prosesa, mipira miwili, na rejeta yenye feni zake, kama ya gari ila ndogo. Nilifuta krimu ya zamani ya kupitisha joto, nikapaka mpya, nikafunga rejeta juu ya boksi la kompyuta. Jirani yangu Habiba, ambaye ni rafiki wa mke wangu, alichungulia mlangoni akacheka.

"Baba Talaso, sasa kompyuta inakunywa maji? Mbuzi wetu wanalia kiu na wewe unanywesha chuma!"

Kwa kweli ilifanya kazi. Asubuhi prosesa ilishuka hadi sitini na kidogo, na sauti ikaisha kabisa. Nilimpigia mke wangu kwa furaha.

"Siku hizi haingurumi hata kidogo. Njoo usikie."

"Nisafiri kutoka Rapsu nije nisikie kitu kisicholia?" alisema, akacheka. Mimi pia nilicheka. Halafu akasema mama yake anamwita.

Baada ya simu ile ndipo nilipoisikia nyumba. Zamani ngurumo ilifunika kila kitu. Sasa nawasikia watoto wa Habiba wakigombania ukoko wa wali, namsikia akiwakemea, nasikia kijiko changu mwenyewe kikigusa sahani. Kuna siku nilifungua video ya harusi ya watu nisiowajua, nikaiacha iendelee tu, ili kuwe na watu wanaoongea.

Kisha jua kali likaja, nikagundua kosa langu. Sisi huku tunafunga jerikeni kwa gunia lililoloweshwa, tunaliacha kwenye upepo, na maji yanapoa. Nilidhani maji ndani ya kompyuta nayo yataleta ubaridi. Hayaleti. Yanabeba tu joto kutoka kwa prosesa na kulimwaga sebuleni, na sebule ikishakuwa tanuri hakuna pa kulipeleka. Alasiri kompyuta inaganda katikati ya kazi. Familia mbili zimechukua video zao kwa mtu mwingine. Mwenye nyumba amekataa kuweka silingi, na siwezi kuhamishia kazi usiku kwa sababu stima ya mtaa wetu haiaminiki.

Nilipima vyumba vyote. Kimoja tu kina ubaridi, kwa sababu mwarobaini wa nje unakifunika. Ni chumba cha Talaso.

Lazima mwelewe jambo moja. Mama mkwe ana mwiko wake, na mke wangu amekua nao. Mtu akisafiri, kitanda chake hakitanduliwi na chumba chake hakipewi kazi nyingine mpaka arudi. Ukikigusa, umemwambia asirudi. Mke wangu alikitandika kile kitanda mwenyewe siku ya kuondoka.

Hata hivyo Jumamosi moja nilichomoa nyaya, nikabeba kompyuta mpaka mlangoni pa chumba. Habiba alikuwa anaanika nguo akaniona.

"Kwa hivyo umeamua?"

"Nimeamua nini? Nataka kivuli tu."

"Mimi sisemi kitu, ndugu yangu. Lakini usitake mama Talaso asikie kutoka kwangu, na akiniuliza sitamdanganya."

Niliirudisha sebuleni.

Juzi nikaongea na mtoto. Nilimwambia kompyuta inasumbuliwa na joto, kwa vile alitaka kujua kwa nini sauti yangu imechoka. Akanijibu haraka, kwa furaha ya kunisaidia:

"Baba, weka kwa chumba yangu! Akko amenitengenezea kitanda huku, kubwa kuliko ile."

Akko ni nyanya yake. Nilisema asante, mama.

Wenzangu, mtoto amenipa chumba, na hajui alichonipa. Nikihamia humo nitaokoa kazi, lakini mke wangu atajua nimeacha kuwangoja. Nikikaa sebuleni, kazi itaisha, na kitanda kitabaki kimetandikwa kwa ajili ya mtu ambaye ana kingine. Au nimpigie mke wangu nimuulize moja kwa moja kama wanarudi? Naogopa, kwa sababu hajawahi kunidanganya, na atanijibu ukweli. Nishaurini, nifanye nini?