Makofi Majini

Kwa wiki mbili, kila asubuhi, Masing Ulnaim alishuka ufukweni na mfuko wa mawe, akaingia baharini hadi kiunoni, akamrushia nguva. Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Mawe aliyachagua madogo, ya kutisha, si ya kujeruhi.

Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na minne, kazi yake ilikuwa kuita. Roslyn Tarileo, mtafiti kutoka Port Vila, alitaka kumpima nguva jike wa ghuba hii bila kumkamata. Masing akapata njia: alipiga maji kwa kiganja mara tatu, akatulia. Jike akazoea. Alikuja, akasugua mgongo kwenye mtumbwi, akapimwa kwa kamba yenye mafundo. Mwaka juzi alikuja na mtoto ubavuni.

"Mke wangu hajawahi kuitika upesi hivyo," Masing alikuwa akisema.

"Mimi unaniitia vyombo vichafu," Leisau alimjibu.

Jani la namele, alama ya mwiko wa kuvua, lilipochomekwa mwambani, hakuna wavu ulioingia ghubani. Mwenye haki ya kulichomeka na kuling'oa ni Masing.

Mwezi uliopita kijiji kilitaka samaki wa sikukuu ya viazi vikuu. Kalsef, kaka wa Leisau, akaja kuomba.

"Shem, siku moja tu. Au samaki nao ni wa Roslyn?"

"Na nguva?"

"Watu arobaini wapige maji kwa makasia, nguva abaki? Wewe ukikohoa tu kanisani, benchi zima linahama."

Masing alicheka. Kwa nguva mwingine yeyote, Kalsef angekuwa sahihi. Aling'oa jani.

Watu walijipanga nusu duara karibu na pwani, wakapiga maji wakisogea, samaki wakikimbilia wavu uliotandazwa upande wa kilindini. Jike alikuwa kilindini. Alisikia maji yakipigwa, akaja. Kati yake na watu palikuwa na wavu. Nguva hupumua hewa kama sisi; alifia chini watu wakiwa bado wanashangilia. Wavu ulipokuwa mzito, Kalsef alidhani ni papa.

Kutupa nyama ni aibu, hivyo iligawanywa. Kalsef alileta fungu la Masing ndani ya jani.

"Shem, sijui niseme nini."

"Basi usiseme."

Roslyn alifika siku ya tatu, akapima fuvu, akaandika. Kisha akatazama ghuba, alikokuwa akizunguka mtoto wa jike peke yake.

"Mzee wangu, huyu lazima awaogope watu. Ghuba ya jirani kuna harusi, nao watavua kwa kupiga maji, na kule hakuna jani."

"Nitamfundisha."

Siku za kwanza mtoto alikaa mbali, Masing akajipa moyo. Alhamisi, jiwe lilipoanguka, aligeuza pua. La pili likaanguka, akaanza kuja. Kabla ya la tatu alikuwa ameshafika, akausugua mgongo kwenye paja la Masing kama mama yake alivyofanya kwenye mtumbwi.

Leisau alikuwa mchangani. "Mpige! Harusi ni keshokutwa, Masing! Mpige la kichwa!"

Masing aliinua mkono wenye jiwe, akaushusha. Yalibaki mawe manne mfukoni. Aliyazamisha moja moja, polepole, yasitoe sauti.