Kofia ya Mjerumani Nyumbani kwa Dani

Juzi niliona kofia ya kijeshi ya Kijerumani nyuma ya kioo cha makumbusho, na harufu ya dawa ya nondo ikanijia puani.

Nyanya yangu, tuliyemwita Dani, alikuwa na kofia kama hiyo sandukuni, kwetu Uriri. Alisema baba yake, aliyebebeshwa mizigo katika vita vya Wazungu, alirudi nayo. Majirani walicheka. "Hiyo ni mtumba tu!" Basi Dani akaacha kabisa kumtaja baba yake.

Alasiri moja akaja mwalimu wa historia kutoka Homa Bay. Aliisogeza kofia dirishani, akaugusa utepe wake uliokuwa na rangi ya chai.

"Mama, tusibishane na watu," akamwambia Dani. "Rangi yenyewe itasema."

Nilisogeza sikio karibu na kofia nikangoja iseme. Nilisikia kuku tu, wakiparua nje.

Mwalimu akaifungua beji ya chuma taratibu. Chini yake utepe ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Moshi na vumbi havikufika hapa," akasema. "Huu ndio weupe wa jeshi la Wajerumani la Tanganyika. Mwenye kughushi angepaka rangi moja kote."

Leo naelewa alichomaanisha. Siku ile niliamini kofia imemnong'oneza yeye peke yake.

Dani akanivisha ile kofia. Ilinifunika hadi macho.

"Keti hapa, nyathina, mtoto wangu," akasema, "nikuambie vile baba yangu alipenda kucheka."