Flashi yenye sauti ya baba

Leo sauti ya marehemu baba imefutwa mbele ya macho yangu.

Kesho ni arobaini yake. Nilikwenda na flashi steshenari hapa Nangurukuru kutoa nakala ya Yasini aliyojirekodi akiisoma mwenyewe, tuisikilize kwenye khitma.

Faili liliitwa "Marehemu Baba.mp3". Jana nikaifuta hiyo nukta mp3. Sikutaka takataka pembeni ya jina la mzee wangu. Adabu tu, jamani!

Basi kompyuta ikasema hailijui.

Baba yumo humo ndani anasoma, yenyewe inaangalia mwisho wa jina tu!

"Dada, hiki kirusi," akasema mwenye steshenari. Sijajibu, keshasafisha flashi nzima.

Mwalimu mmoja nyuma yangu ndiyo kwanza anafungua mdomo: "Ungelirudishia ile mp3, lingefunguka."

Ulikuwa wapi, mwalimu?

Na nyie mliotengeneza hizi mashine, kuchungulia ndani kidogo mngepungukiwa nini?

Simu ya baba aliyojirekodia ilishakufa. Hakuna nakala nyingine.

Mama ameshaazima spika kwa jirani. Kapiga mara tatu kuuliza kama nimempata baba.

Nyie mngemjibu nini?