Bi Pua na Chupa ya Soda

Nesi wa chumba cha dharura cha watoto tunamwita Bi Pua, naye anaitika. Akipokea mtoto, kabla hata ya salamu, ananusa mdomo wake. Mimi niliona hiyo ni kukosa adabu, nikamwambia. Akanijibu, "Adabu baadaye, mama."

Siku hiyo nilikuwa nimembeba mjukuu wangu, amelegea kama nguo iliyoloa, udenda unamtiririka, kifua kinamkoroma. Mkwe wangu, mama wa mtoto, alikuwa kamkuta jikoni na chupa ya soda, ile tunayowekea mafuta ya taa. Nami nilikuja na kikombe cha maziwa, maana tangu nizaliwe nasikia dawa ya sumu ni maziwa. Bi Pua akasema yatampalia, akayamwaga kwenye sinki. Maziwa yangu! Nikamwambia ana roho mbaya. Hata hakugeuka.

Akanusa. Akanusa tena.

"Haya si mafuta ya taa." Akamfunua mtoto macho, mboni zimesinyaa, zimekuwa vitone tu. "Daktari, njoo!" Kisha akatugeukia. "Chupa ilikuwa na nini? Semeni kweli, sisi si polisi."

Mwanangu, baba wa mtoto, ni mtu ambaye akiongea nyumbani hata kuku wanakimbia. Sasa kajibanza ukutani. Nimemzaa mwenyewe, namjua: kuna kitu anaficha.

"Sema, wewe!" nikamfokea.

Akasema huku analia. Jana yake alitia dawa ya kunguni kwenye chupa nyingine ya soda, akaiweka pembeni ya ile ya mafuta. Mkono ulinitoka nimzabe kofi, lakini Bi Pua alishamshika bega. "Ahsante, baba. Umetusaidia sana." Basi hasira zangu zikakosa pa kwenda.

Wakamvua mtoto nguo, wakamwosha, wakamvuta ute kooni. Daktari akamchoma sindano ya kukausha mate yaliyokuwa yakimziba pumzi. Bi Pua akapitisha kidole chenye glavu mdomoni: "Bado kumelowa." Sindano tena. "Bado." Jamani! Nikajikuta namwomba Mungu mdomo wa mjukuu wangu ukauke. Bibi gani anaomba dua kama hiyo?

Hatimaye kidole kikatoka kikavu, na kifua kikaacha kukoroma. Nikashusha pumzi. Bi Pua akakaa sakafuni, akavua viatu, akalalamika miguu.

"Binti yangu," nikamwambia, "kuanzia leo nusa mtaa mzima ukitaka."

"Nikianza na wewe, mama, utanipiga," akasema, tukacheka wote kama wendawazimu.

Asubuhi mtoto akafumbua macho, akalamba midomo yake mikavu, akanitazama.

"Bibi, nataka soda."

Nilicheka na machozi yananitoka. Mwanangu akainamisha kichwa. Bi Pua akajaza maji kwenye kikombe, akanipita mimi, akampa yeye. "Mnyweshe wewe, baba."

Akakipokea kwa mikono miwili. Kabla hajakipeleka kwa mtoto, akakinusa.