Nilimchongea Kipa Wangu, Nikarudishiwa Ng'ombe

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kunitetea, maana hapa Maretadu wapo wanaosema nilionewa. Sikuonewa! Nilisalitiwa, ndiyo, na mpaka leo moyo unaniuma, lakini mlango niliufungua mwenyewe.

Mimi ni mtu wa mpira. Tangu redio za watu binafsi zianze kusikika huku kwetu, kipindi cha michezo hakinipiti. Betri zikichoka naanika juani, mke wangu ananisema weee, sisikii. Nani asajiliwe, nani auzwe, nani kazeeka: jibu ninalo. Wanakijiji wakanipa uenyekiti wa mashabiki wa timu yetu. Mdomo huu, jamani, ndio ulionipandisha na ndio ulioniangusha.

Sasa sikilizeni. Nina rafiki, niseme nilikuwa na rafiki, mfugaji wa Kibarabaig kule nyanda za Hanang. Kwetu ukimwamini mtu unampelekea ng'ombe akutunzie. Maziwa anakunywa yeye, ndama ni wako, na urafiki wenu unakaa humo. Mimi nilimpelekea mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, wakati malisho ya huku yamebanwa na mashamba. Ng'ombe wa namna hiyo harudishwi hivi hivi. Akirudishwa bila wewe kuomba, ujue urafiki umekufa.

Mwanawe, nimwite Gidamis, alikuja kukaa kwangu ajifunze useremala kwa jirani yetu. Alikula kwangu, alilala kwangu.

Wakati huo kulikuwa na kijana Mmarekani wa kujitolea pale parokiani. Jumamosi anawatoa vijana uwanjani kucheza besiboli, mchezo wao wa kugonga kijipira kwa rungu halafu unakimbia kuzunguka. Nikatoa maoni, si ndiyo kazi yangu? "Mchezo gani huu, watu wamesimama tu kama wanasubiri zamu mashineni kusaga mahindi!" Watu wakacheka. Mara kijipira kikagongwa, kikaja kwa kasi usawa wa uso wa Gidamis. Hakuwa amevaa ile glovu yao. Akakidaka kwa mkono mmoja, wala hakujikunja, akakirudisha kwa nguvu mpaka Mmarekani akapiga yowe.

Nikasema moyoni, huyu ni kipa.

Nikampeleka kwenye timu yetu, na msimu ule hatukufungwa ovyo. Hata timu ya kijiji cha Daudi walikuja na ngoma zao, wakarudi nazo kimya. Mimi natembea kifua mbele, "Nimemvumbua mimi!" Kila asubuhi kijana akinikuta uani: "Baba, shikamoo." "Marahaba, kipa wangu!"

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Ikatangazwa kwamba kutakuwa na mchujo Katesh, vijana wa timu ya mkoa wachaguliwe, na upande wetu utatoa kipa mmoja tu. Hapo ndipo shetani aliponikuta. Kipa wetu wa pili alikuwa Tluway, mtoto wa dada yangu. Dada akaja akakaa jikoni, akasema, "Kaka, damu yako iko benchi, mtoto wa wenyewe yuko golini. Sawa tu." Halafu akaaga. Heri angenitukana!

Na rafiki yangu wa nyanda alikuwa ameshaniambia kwa kinywa chake: "Mwanangu akichaguliwa, ng'ombe nitachunga mwenyewe, hata kiangazi, na mguu wangu huu mbovu. Mwache acheze." Hilo nililijua. Nalisema ili mjue kwamba sikukosea kwa kutojua.

Siku ya mchujo mjumbe mmoja wa kamati, mtu tuliyesoma darasa moja na kula sahani moja, akanivuta nyuma ya kibanda cha nyama choma. "Mwenyekiti, wewe ndiye unayewajua hawa. Kati yetu tu, huyu Mbarabaig anafaa?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe! "Kudaka anadaka. Lakini wale si watu wa kukaa na ahadi. Kiangazi kikianza atafuata ng'ombe, mbaki na goli tupu. Mchukue Tluway, huyo ametulia."

Akanishika bega. "Nimekuelewa, ndugu yangu. Yataishia hapa hapa."

Yataishia hapa hapa! Loo!

Jioni majina yakasomwa. Gidamis hayumo. Tluway hayumo! Kipa wa upande wetu akawa mtoto wa shemeji yake huyo huyo mjumbe, kijana ambaye siku nzima hakudaka hata mpira uliokufa. Yaani nimemuuza mtoto wa rafiki yangu, na nilichouzia sikukipata.

Mashabiki wangu wakawaka. "Gidamis! Gidamis!" Wakamzunguka mjumbe. Baba yake kijana alikuwepo, amesimama na fimbo yake na shuka begani, ametembea na ule mguu kuja kumwona mwanawe. Mjumbe alipoona amebanwa, akaninyooshea kidole. "Mnanionea bure! Muulizeni mwenyekiti wenu. Ndiye aliyesema Wabarabaig si watu wa kukaa na ahadi, kijana atakimbilia ng'ombe."

Gidamis akanigeukia. "Baba, ulisema?"

Mimi, mwenye maneno ya kila timu, nikasema, "Mwanangu, mpira una mambo mengi." Jibu gani hilo, jamani? Jibu gani hilo!

Hakurudi kwangu. Nguo zake alikuja kuzichukua fundi seremala, naye hakutaka chai.

Nilimlaani yule mjumbe kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Msaliti! Mnafiki! Kumbe huku mimi nikilaani, mtu yuko njiani.

Asubuhi moja nikasikia kengele za ng'ombe mlangoni. Ni rafiki yangu, anachechemea, vumbi mpaka magotini. Mbele yake yuko yule mwekundu mwenye paji jeupe, sasa mzee, na nyuma yake wazao wake wote, wamenona. Alimsalimu mke wangu. Mimi hakunisalimu.

"Ng'ombe wako ni huyu. Na hawa ndio wazao wake," akasema. Kisha akashusha mgongoni mwa punda ngozi iliyokunjwa, akaitandaza chini. "Mmoja alikufa ule mwaka wa ukame. Ngozi yake niliitunza, uione kwa macho yako."

Nikamwambia, "Rafiki yangu, karibu ndani kwanza tuongee."

"Umesema sisi hatukai na ahadi. Nimeleta, nisije nikakimbia na mali ya mtu."

Mke wangu akamletea maziwa kwenye kibuyu. "Asante mama, nimeshiba," akasema, akamgeuza punda wake. Nilimwangalia akishuka na ule mguu mpaka akapotea.

Mashabiki wenzangu, kutoa maoni si dhambi. Lakini mtu akikuvuta pembeni kukuuliza habari za mtoto wa mwenzio, rudi pale watu walipo, mwite baba yake, useme mbele yake. Ukiona huwezi, basi funga mdomo! Wala usimtegemee anayekwambia yataishia hapa.

Wapita njia wananisifia mifugo. Zizi langu limejaa, jamani, na rafiki sina.