Mama Vipimo, fundi anayepima pikipiki kama suruali

Saa kumi na mbili asubuhi msafara umeshaanza kutoka. Pikipiki ya kwanza imekwisha kukata kona ya kinu cha kusaga, ya pili iko mkiani mwake, na vumbi la ya tatu ndilo linalomwingia machoni mwanamke anayekimbia huku akijifunga begi la spana mgongoni. Anaiparamia pikipiki ya mwisho, anamshika dereva kiunoni. Anafumba macho.

"Mama, umepanda au umelala?" anauliza dereva, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiwe.

"Twende. Nasikiliza cheni."

Cheni tano zinakwenda kimya, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Ya sita inatafuna. Inakwenda vizuri, halafu krak, halafu inakwenda tena. Ni ya dereva wanayemwita Kipanga. Mwanamke anafumbua macho, anapapasa begi lake kuhakikisha kwamba kitu fulani kimo, na kinapogongana na spana anatulia.

Kijiweni wanamwita Mama Vipimo. Ana miaka hamsini na mmoja, wajukuu wawili, na mikono ambayo sabuni imeshakata tamaa nayo. Safari ya leo ni ya kupeleka maboksi ya dawa kwenye zahanati iliyo juu ya mlima, mahali gari halifiki. Kwa kijiwe ni kazi ya majaribio. Kwake yeye ni mtihani.

Masharti yalitolewa na Kipanga mwenyewe, mbele ya kijiwe kizima. "Pikipiki yoyote aliyoigusa huyu mama ikikatika cheni mlimani, arudi kwenye sindano yake. Zikifika zote, haya, tutamwita fundi na tutamlipa kama fundi." Wenzake walikubali. Mama Vipimo naye alikubali, kwa sababu alikuwa amechoka kulipwa nusu kama mwanagenzi kwa kazi nzima.

Tano kati ya hizo sita alizitengeneza yeye. Ya Kipanga hakuruhusiwa hata kuiegemea.

Kabla ya haya yote alikuwa fundi cherehani, barazani kwake, miaka mingi. Nguo za mitumba zilipojaa sokoni, wateja wa kushonewa wakapukutika. "Kuna wiki nilishona zipu tu," anasema. "Zipu, zipu, zipu. Nikaanza kuota zipu."

Ukuta wa baraza yake ndio ukuta wa gereji ya mume wa binti yake. Siku moja mkwe alimletea kiti cha pikipiki akishonee kava. Aliporudisha kiti, aliona sproketi imetundikwa msumarini: gurudumu la chuma lililozungukwa na meno. Akauliza ni ya nini. Mkwe akamwonyesha. Ndogo inakaa mbele kwenye injini, kubwa inakaa nyuma kwenye tairi, cheni inapita katikati na kuvuta.

"Nikasema, kumbe! Ni cherehani iliyoota meno."

Kesho yake alirudi. Keshokutwa akarudi na kanga kuukuu ya kufutia grisi. Mwisho wa mwezi alikuwa akifungua tairi la nyuma bila kuulizwa.

Tatizo halikuwa kazi. Tatizo lilikuwa mkwe. Mwanagenzi akikosea hugombezwa, ndivyo ufundi unavyoingia kichwani. Lakini ni nani atamgombeza mama mkwe wake? Yule bwana akawa anagombeza vyombo.

"Nikikaza vibaya, anaichukua ile spana namba kumi na saba anaiambia, 'Wewe spana huna akili. Nani alikufundisha kukaza nati bila kusafisha kwanza?' Nami najibu, 'Isamehe baba, haitarudia.' Madereva wanakufa kwa kicheko."

Binti yake, aliyekuwa akiwaletea chai, alikuwa na maoni yake. "Mume wangu alikuwa akirudi nyumbani sauti imekauka," anasema. "Namuuliza umegombana na nani? Ananiambia, na spana."

Spana ilijifunza. Mama akajua kwamba sproketi mbili na cheni ni ndugu watatu, hubadilishwa pamoja. Akajua kwamba sproketi ya nyuma ikiwa kubwa pikipiki inapata nguvu ya mlima lakini mbio zinapungua, na ikiwa ndogo ni kinyume chake. Akajua klipu ya kuungia cheni mdomo wake huangalia nyuma, usije ukanasa kitu njiani na kufunguka.

Kisha akamvunja Kipanga mkono.

Ilikuwa cheni aliyoifunga mwenyewe. Pikipiki ilikuwa juu ya stendi, tupu, na aliikaza vizuri mno, ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Macho yalipenda. Kipanga akaondoka, akapakia abiria na gunia la mkaa, akapita kwenye shimo. Cheni ikakatika, ikajikunja kwenye tairi, pikipiki ikawamwaga wote. Abiria aliinuka akajipangusa. Kipanga hakuinuka.

Siku ile mkwe hakugombeza spana. Alikaa kimya, na Mama Vipimo anasema kimya kile kilimuuma kuliko matusi.

Mpaka mkono ulipounga, alikuwa akipeleka vyungu vya unga na kuni nyumbani kwa majeruhi. Mke wa Kipanga alimpokea. Kipanga aligeukia ukutani.

Wengi walidhani ataacha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mkono wa mtu si koleo. Alirudi barazani, akaweka uzi kwenye sindano, na kazi iliyokuwepo ilikuwa suruali ya mzee mmoja, imepasuka matakoni.

"Nikamwambia, baba, suruali hii alikupima nani? Akasema alipimwa vizuri tu, amesimama wima kama askari. Nikamwambia, ndiyo maana. Suruali hupimwa mtu akiwa amesimama, halafu akiwa amekaa. Asiyekupima umekaa hakukupima."

Aliichomeka sindano kwenye suruali. Kisha akaenda gereji bila kuvaa viatu.

Pale alimwomba mkwe wake apande pikipiki. Akamwita na jirani apande nyuma. Akachuchumaa, akaigusa cheni. Pikipiki ilipokuwa tupu, cheni ilikuwa imelegea kidogo. Watu wawili walipokaa, springi zikashuka, tairi likasogea, na cheni ileile ikakaza. Ile ya Kipanga, aliyoivuta ikanyooka wakati pikipiki ni tupu, haikuwa imeachiwa hata nafasi ya kupumua.

"Mimi nilikuwa najua hilo," anasema mkwe. "Nilikuwa naacha ilegee kidogo, kwa mazoea. Sikuwahi kujua kwa nini, basi sikumfundisha."

Tangu hapo hakuna cheni inayotoka gereji ile bila mwenye pikipiki kukaa juu yake na mzigo wake wa kila siku. Dereva anakaa, mwenzake anakaa nyuma, gunia linafungwa, na Mama anapitisha vidole chini ya cheni. Mwanzoni walimcheka. "Mama, nipime na kiuno basi, nataka na suruali." Jina likatoka hapo. Lakini kicheko kilipungua walipoona cheni zinadumu.

Kipanga tu ndiye hakuwahi kukaa apimwe.

Jana jioni alinunua cheni mpya, akamwambia mkwe aifunge, na sproketi akazikataa. "Bado zina meno," alisema.

Mama Vipimo hakuweza kujizuia. "Hata babu yangu alikufa na meno. Miwa ilimshinda."

"Mkono wangu unakusikia," Kipanga alimjibu, akaondoka.

Mlima unaanza baada ya daraja la magogo. Pikipiki zinalalama kwenye gia ya kwanza, maboksi yakiyumba, mawe yakiruka. Tano zinapanda. Kwenye kona ya pili krak ya Kipanga inakuwa krak-krak-krak, injini inanguruma peke yake, tairi halizunguki. Anateleza kurudi nyuma, anaweka mguu chini, anaizuia kwa jiwe.

Wote wanasimama. Mwenyekiti anageuka nusu. "Mama, hiyo hukuigusa wewe. Tugawane mzigo wake, yeye atelemke polepole. Kwa masharti yale, wewe uko salama."

"Nimesikia."

"Ukiigusa, inaingia kwenye hesabu."

"Nimesikia, mwanangu." Ameshashuka. Ameshafungua begi. Ndani, pembeni ya spana, zimo sproketi mbili za aina ya pikipiki ya Kipanga, alizozitoa kwenye rafu ya gereji jana ileile.

Kipanga anaziona. "Ulijua itaniangusha?"

"Niliisikia ikilia jana. Uzi mpya kwenye nguo iliyooza, baba. Uzi haukatiki, nguo ndiyo inayochanika."

Wanashusha maboksi, wanaweka mawe mbele na nyuma, wanaisimamisha kwenye stendi. Anachomoa klipu, anaitoa cheni. Anafungua kava la pembeni, anatoa sproketi ndogo, anampa Kipanga aishike. Meno yamechongoka na kulala upande mmoja kama kulabu. Kipanga anaizungusha mkononi. Nati za sproketi kubwa zinakataa. Mwenyekiti anakanyagia spana, zinalia, zinakubali. Mpya zinaingia. Cheni inarudi, klipu inakaa, mdomo nyuma.

"Sasa kaa."

"Wapi?"

"Juu ya pikipiki yako. Wengine watakufungia maboksi ukiwa umekaa."

Kipanga anatazama wenzake. Hakuna anayecheka. Anapanda. Maboksi yanafungwa nyuma yake, pikipiki inashuka, naye Mama Vipimo anachuchumaa kwenye mawe na kupitisha vidole chini ya cheni. Analegeza kidogo upande wa kulia, kidogo wa kushoto. Anapima tena.

"Mkono bado unauma?" anauliza bila kuinua kichwa.

"Kukiwa na baridi."

"Hapa juu kuna baridi."

"Kuna baridi, ndiyo."

Anakaza nati ya mwisho. "Nenda."

Kipanga anawasha. Pikipiki inachimba, inashika, inapanda. Mama Vipimo amesimama barabarani na spana mkononi, amefumba macho tena. Cheni sita, zote kimya. Mwenyekiti anampigia honi mara tatu ili apande, ya tatu ndiyo anayoisikia.

Zahanati ina chumba kimoja na veranda. Muuguzi anayepokea dawa anahesabu maboksi, kisha anamwangalia mwanamke mwenye grisi mpaka kwenye nyusi na kuuliza kama ni mgonjwa.

"Huyo?" anasema Kipanga, akiteremsha boksi la mwisho kwa mkono uleule. "Huyo ni fundi wetu."

Huo ulikuwa mwanzo wa kiangazi. Kijiwe kilipata kazi ya dawa, na kinaifanya mpaka leo. Mwenyekiti alichaguliwa tena. Mke wa Kipanga alirudisha vyungu vya unga, vikiwa vimejaa. Kipanga anapimwa kila anapobadilisha cheni, na amemleta shemeji yake apimwe. Sproketi yake ya zamani imetundikwa msumarini gerejini kuwaonyesha wabishi.

Mkwe amebomoa kipande cha ukuta, na baraza sasa ni nusu ya gereji. Cherehani imebaki kona ileile, inashona kava za viti. Binti anaiendesha. Mama Vipimo analipwa kama fundi, na anakusudia kabla ya mvua kuezeka upande wake na kuchukua wanagenzi wawili, wanawake watu wazima, "wenye adabu na wasiojali kucha." Wameshajitokeza wanne.

Spana namba kumi na saba ni ya kwake. Haigombezwi tena.